Nililizuia Basi la Timu, Akashuka Mkwe Wangu

Mama Ok-bun mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu na kile kidogo kilichobaki.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na saba, nina mke, binti mmoja na duka la supu ya mifupa ya ng'ombe hapa mjini Unpo, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa kiongozi wa mashabiki wa timu yetu, yule anayesimama mbele ya jukwaa na kipaza sauti akiupa uwanja mgongo, kwa hiyo mabao mengi ya timu yangu nimeyaona kwenye nyuso za watu tu. Kama ujuavyo, klabu ni mali ya mji, akija meya mpya anakuja na mkurugenzi wake, na huyu tuliyepewa safari hii, Bwana Nam Gi-taek, kazi yake ya mwisho ilikuwa kusimamia tamasha la vitunguu saumu, nami sina ugomvi na vitunguu saumu, bila hivyo supu yangu hainyweki, lakini huyu bwana siku yake ya kwanza aliuliza mbele ya waandishi wa habari kwa nini kipa kavaa jezi tofauti na wenzake, au ni utovu wa nidhamu. Kisha akatuvua kijani tulichokivaa tangu timu inazaliwa akatuvika rangi ya chungwa, ile ile ya mabango ya kampeni za meya, akasema ni matokeo ya utafiti, akamfukuza kocha akamleta aliyesoma naye, na pale kwenye jukwaa letu la kusimama akaweka vibanda vya kupigia picha na kitunguu saumu kikubwa chenye miguu ambacho eti ndicho alama ya timu. Mechi kumi na moja hatujashinda hata moja.

Kila tukifungwa, klabu inatoa tamko la kuomba radhi, na mimi nina mazoea ya kulisoma kwa sauti mezani. Basi Jumapili moja tulikuwa tunakula na In-jae, mchumba wa binti yangu Da-sol, kijana mpole anayekunywa supu mpaka tone la mwisho, ambaye alikuwa ameniambia anafanya kazi ofisi za mji, idara ya habari, nami sikuuliza zaidi.

"'Tumeyapokea maoni yenu kwa uzito mkubwa,'" nikasoma. "Hivi anayeandika haya ni mjinga au ni mwongo?"

In-jae akaweka kijiko chini. "Labda ni mtu ameambiwa tu aandike, baba."

"Basi mama yake hakuzaa mtoto, alizaa kalamu."

Da-sol akanikanyaga mguu chini ya meza, nikadhani ameteleza.

Jumamosi iliyofuata tukapigwa nne bila, nyumbani, jua la saa tisa likiwa linawaka, tukaenda watu kama mia tatu tukaketi mbele ya basi la timu pale getini, tukasema halitoki mpaka mkurugenzi ashuke atueleze, maana tulijua yumo humo ndani, pazia la kiti cha mbele lilikuwa limefungwa lakini mkono wake tuliuona ukipokea wali uliofungwa kwa mwani. Mlango ukafunguka, akashuka kijana kavaa koti la klabu, karatasi mkononi. Alikuwa In-jae.

Seo, mpiga ngoma wetu, akaninong'oneza, "Kaka, ndiye huyo msemaji mpya, mwandishi wa zile radhi. Usimwache."

In-jae aliniona. Akainama mpaka kiunoni, akaanza kusoma, watu wakazomea hata sauti yake isisikike, na mimi, Mama Ok-bun, hapa ndipo penye aibu yangu, mimi niliyemtambua hata kabla mguu wake haujagusa ardhi, niliinua kipaza sauti nikasema, "Kama mnaomba radhi kweli, piga magoti." Nilisema kwa kuwa nilikuwa na mia tatu nyuma yangu na niliogopa wasije wakajua kwamba huyu anakula mezani kwangu. Akakunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni, akapiga magoti juu ya lami. Watu wakapiga makofi, tukasimama tukafungua njia, basi likaondoka na kumwacha pale pale chini. Akainuka, akajikung'uta suruali, akaenda kituoni kungoja basi la abiria kama mtu aliyetoka sokoni.

Video imeenea mji mzima. Da-sol amehamia kwa rafiki yake, ameniandikia mstari mmoja: "Harusi ni tarehe ishirini na mbili, ukija njoo kama mgeni." Mke wangu anapika chakula cha mtu mmoja. Mkurugenzi naye ametangaza kwamba mashabiki wameridhika na suala limefungwa, na ili kumshukuru In-jae kwa kujitoa, amejitolea kuwa msimamizi wa ndoa yao, yule anayesimama mbele ya maharusi na kuwapa nasaha, na kijana anamkatalia vipi bosi wake? Seo na wenzake wamesikia kwamba mkurugenzi atakuwa ukumbini siku hiyo, wanajiandaa kwenda na ngoma na mabango kumtaka ajiuzulu, na wanataka mimi niongoze. Wanajua ni harusi ya msemaji. Hawajui bibi harusi ni wa nani. Nikiwaambia, wataniita pandikizi la klabu. Nikinyamaza, nitapiga kelele mlangoni pa harusi ya mwanangu wa pekee. Nifanyeje?

Mwenye duka la supu, Unpo

*

Mwenye duka, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma.

Hasira zako kuhusu klabu ni za haki, na asikuambie mtu kwamba mpira ni mchezo tu. Mtu asiyejua kwa nini kipa anavaa jezi tofauti hakustahili kukabidhiwa timu, wala kuwavika wananchi mabango ya kampeni. Hapo niko nawe, na nusu ya wasomaji wangu wa Unpo wako nawe, barua zao ninazo hapa.

Lakini hebu tutazame ulichofanya. Mlimtaka mkubwa, akaletwa karani. Ukampigisha magoti karani, kisha ukafungua njia ili mkubwa apite na chakula chake. Wazee wanasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Bwana Nam angeandika mwenyewe namna ya kumaliza siku ile, asingeandika vizuri zaidi. Unalalamika kwamba klabu inaendeshwa na watu wanaowatanguliza wadogo wao kupokea matusi, halafu na wewe ukamtanguliza In-jae ili usitukanwe. Kuna tofauti gani kati ya pazia lake na kipaza sauti chako?

Na nikuulize jingine, usikasirike. Miaka ishirini na miwili, nani alikuchagua? Klabu hubadilishiwa mkurugenzi kila meya anapobadilika, nalo ni balaa. Wewe hubadilishwi kabisa. Ndiyo maana una watu mia tatu na huna hata mmoja wa kumwambia ukweli.

Sasa sikiliza. Kesho funga duka, waite Seo na wenzake, waambie kwamba bibi harusi ni binti yako, na kwamba ulimtambua yule kijana kabla hujasema ulichosema. Usianze na historia yako kwenye timu. Watakaokutemea mate, jifute. Kisha weka kipaza sauti mezani wapige kura, na akishinda mwingine mpe mkono. Kwenye harusi hapaendi ngoma wala bango. Hilo usiliombe, liseme.

Baada ya hapo nenda kwa wazazi wa In-jae, na nenda kwao kabla hujamtafuta binti yako, maana kwa binti yako unatafuta kusamehewa, kwao unapeleka deni la heshima. Nenda bila karatasi. Usiseme "kama kuna aliyekwazika". Sema: nilimjua, niliogopa, nikamdhalilisha mwanenu. Ukimaliza nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Suala la nani asimamie ndoa si lako. Waambie vijana mara moja tu kwamba siku hizi kumbi nyingi hufunga ndoa bila msimamizi, wazazi husema maneno mawili basi. Wakimtaka Bwana Nam, kaa kitini, piga makofi, kula.

Na mkurugenzi mfuate panapomuuma. Baraza la mji lina kikao cha wazi kila mwezi. Kusanyeni sahihi, nendeni mchana kweupe mkaulize nani alitia saini kubadilisha jezi, kwa jina, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Meya ngoma anaizoea. Jina lake likisomwa kabla ya uchaguzi halizoei. Basi acha kuniandikia, nenda.

*

Barua hii niliijibu kwanza kwa posta, kwa kuwa harusi ilikuwa karibu. Mwezi uliopita aliniandikia tena, nami nachapa sehemu kwa ruhusa yake:

"Niliwaambia. Seo alisema, 'Kaka, ungetuambia tu,' akatoka nje kuvuta sigara. Watu kama arobaini waliondoka. Kwenye kura nilishindwa kwa tofauti ya kumi na moja, sasa anayeongoza ni Bi. Bang, muuguzi, ana sauti kunizidi. Harusini hakwenda mtu na ngoma. Bwana Nam pia hakwenda, In-jae mwenyewe alimkatalia, naye hakujali sana kwa kuwa alikuwa ameshahamishiwa maonyesho ya maua. Mkurugenzi mpya anatoka idara ya maji. Baraza tulikwenda, tukaambiwa aliyetia saini jezi anatafutwa. Bi. Bang amewaambia tutarudi kila mwezi mpaka apatikane.

Nimeacha la wazazi wa In-jae mwisho kwa kuwa ndilo zito. Nilisema yale maneno matatu, nikanyamaza. Baba yake akaangalia sakafu. Mama yake akasema, 'Sisi alituambia kwamba alipiga magoti kwa hiari yake, ili kuwatuliza watu. Hakutuambia kwamba aliamrishwa, wala kwamba ulikuwa wewe.' Kisha akasema, 'Mwanangu si mtu wa kutudanganya, baba Da-sol. Alitudanganya ili tukubali kuketi meza moja na wewe.' Akanimiminia chai ya shayiri, nikainywa.

Da-sol sasa anapokea simu zangu. Hasemi mengi. Juzi aliniuliza kama nameza dawa zangu za presha, nikamwambia nameza, akasema haya, akakata."