Mbono wa Mama Mmoja

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Mumeo hajambo? Sisi huku wazima, ukiacha meno yangu mawili ya mbele, ambayo baba yako mdogo ameyang'oa kwa mpini wa koleo. Usishtuke. Nami nimempasua sikio, kwa hiyo hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Ugomvi ni ule ule wa mbono. Tangu waje wale wanunuzi wa mbegu, wanaokamua mafuta ya kuendeshea malori, kila mtu anautazama ua wake kama kaokota dhahabu. Shamba letu unalijua: safu moja ya mbono iko upande wake, nyingine upande wangu, na katikati kipande cha kupitisha trekta. Mimi nasema safu ya upande wake ndiyo aliyoipanda marehemu babu yako, na ndiyo mpaka. Hii ya upande wangu ameichomeka yeye, kwa matawi aliyoyakata kule, mimi nikiwa mbali nasotea mshahara. Sasa anaapa kwamba hii ndiyo ya babu, ili kile kipande kiwe chake! Yule hana haya wala soni.

Nakutumia majani ya safu zote mbili. Nimeyakausha kati ya magazeti, kila fungu na jina lake. Wewe si ndiye unayesoma damu ya mimea? Haya, isome. Ikiwa ni damu moja, basi alikata kule akachomeka huku, na mimi nitajua la kumfanya.

Baba yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, na mkweo hajambo, ila hajui kama anaruhusiwa kumcheka mkwe asiye na meno. Mimi sicheki. Watu wazima na ndevu zenu, mnapigana kwa koleo! Mama angekuwa hai angewafungia stoo nyote wawili.

Majani yamefika salama. Nimeyasaga, nikatoa vinasaba, hiyo damu unayoisema, nikavilinganisha herufi kwa herufi. Majibu yametoka jana, nikapiga kelele mpaka mwenzangu wa maabara akamwaga chai. Baba, safu zote mbili ni za mama mmoja! Hazijapishana hata chembe. Tawi likikatwa kwenye mti huu likachomekwa pale, majibu huwa hivi hivi.

Lakini hapa nisikilize, usiruke mistari kama kawaida yako. Nimelinganisha safu hizo mbili tu. Kuna mbono wa sehemu nyingine bado uko kwenye mashine, na nataka niuone kwanza. Usiguse kitu. Ngoja barua yangu.

Binti yako

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mu wazima. Mimi mzima, mzima kabisa. Baba yako mdogo yuko hospitali.

Barua yako niliisoma barazani, mbele ya mwenyekiti, kwa sauti ya juu. Nilipofika kwenye "mama mmoja" nikarudia, wasikie vizuri. Unajua alifanya nini? Alicheka! Eti, "Mwanao siku hizi anapiga ramli kwa majani?" Baraza zima likacheka naye. Nilirudi nyumbani nimevimba kama chura.

Asubuhi nikachukua panga, nikaenda kuiangusha ile safu yake ya uongo. Nilikuwa nimefika nusu, utomvu unanichuruzika mikononi, akaja mbio na rungu. Akanipiga la bega. Nikamshushia panga, akakinga kwa mkono wa kulia. Nikampiga tena palepale. Kila pigo nasema, "Mama mmoja! Mama mmoja!" mpaka nikauona mfupa. Akapiga magoti, akanitazama, akasema, "Na sisi je, kaka?" Sikuelewa anamaanisha nini. Nikampiga teke la kifua.

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Polisi wameniandikisha maelezo, mwenyekiti kanidhamini. Ada niliyokulipia shule haikwenda bure, mwanangu. Nimejivuna sana.

Baba yako

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi. Niambie hali ya baba mdogo. Nimeisoma barua yako nimesimama.

Nilikwambia usubiri. Sasa yale majani mengine nimemaliza kuyapima. Mbono wa shule niliyosoma, mbono wa gereji, wa kituo cha polisi, wa nchi mbili za jirani, hata ua wa mama mkwe wangu: wote mama mmoja! Mmea huu si wa huku. Ulivuka bahari zamani, miche michache tu, na watu wakawa wanakata tawi, wanapeana, wanachomeka. Kule kwao mbono hutofautiana kama watu wanavyotofautiana. Huku kwetu ni mti mmoja uliojirudia kila mahali. Ungenitumia jani la popote pale, ningekujibu vile vile.

Kwa hiyo majibu yangu hayasemi nani alichomeka nini. Hayasemi kitu, baba. Umemkatakata ndugu yako kwa neno nililolitoa kwa furaha, mbio mbio, na mimi sijui nitaliweka wapi neno hilo. Nenda hospitali. Nakupigia magoti, nenda ukamwambie.

Binti yako

22 Mei

Wewe,

Salamu baadaye. Mkono wa baba yako mdogo umeoza, wameukata mpaka kwenye kiwiko. Wanawe wamekuja wakalitia moto zizi langu, mbuzi wamo ndani. Walilia mbuzi wale, walilia mpaka wakanyamaza. Kijana mmoja nimemtoboa paja kwa mkuki, wengine wakakimbia. Wameapa watarudi kunichinja. Na waje.

Kesi iko Julai. Wakili anasema nikionekana nilikuwa nalinda ardhi yangu, nitapata nafuu. Utakuja na makaratasi yako ya maabara, utasema "mama mmoja", utakaa chini. Basi. Hiyo barua yako ya pili mimi sikuipata. Umenisikia? Nimeitia jikoni kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuipata.

Ukija kunivua nguo mbele za watu, jua huna baba.

Baba yako, kwa sasa

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Pole kwa yote.

Nitakuja mahakamani. Nitasema mama mmoja, halafu nitasema kwamba hata mbono wa uani kwa hakimu ni wa mama huyo huyo, na sitakaa chini mpaka nimalize. Nakupenda, baba, naandika machozi yananitoka. Lakini ukishinda kwa uongo wangu, wale vijana watakumalizia nyumbani kwako, na hakuna karatasi itakayowazuia. Hasira zako nitazibeba. Jeneza lako siliwezi.

Binti yako, utake usitake

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usije. Hakuna cha kubishania tena. Baba yako mdogo amefariki Jumanne, sumu ya kidonda ilimpanda mwilini.

Nilikwenda msibani. Wanawe walinipokea kwa mawe, moja likanipata jichoni, na jicho hilo sidhani kama litaona tena. Shangazi yako ndiye aliyejitupa katikati akanivuta. Akanikalisha nyuma ya nyumba, akanifunga jicho kwa kitambaa chake cha kichwa, akaniuliza hasa tulikuwa tunagombea nini. Nikamwambia, safu ipi ndiyo ya marehemu baba.

"Zote," akasema. "Alizipanda zote siku moja, mimi ndiye niliyembebea matawi. Wewe ulikuwa mbali kazini, huyu alikuwa bado ananyonya. Moja yako, moja yake, na katikati njia, mpite wote na mizigo yenu. Kwani hamkujua?"

Hatukujua, mwanangu. Na hatukumwuliza. Nimetuma majani mpaka maabara, na dada yangu anakaa kituo cha pili kwa basi.

Nilitaka kulia, jicho likakataa. Kesho asubuhi naenda polisi kwa miguu yangu, kabla wale watoto hawajajitia matatani kwa ajili yangu. Usinitafutie wakili. Mwangalie shangazi yako, hali chakula. Mke wa marehemu, mama yako mdogo, mpe kile kipande chote, usimbakishie hata shubiri mtu mwingine.

Wakiniuliza huko tulikuwa tunagombea nini, nitawaambia: njia ya kupita.

Baba yako, ukikubali