Muchi wa Tatu

Wamaza, upande wa Kabambare

Mwanangu Sidonie,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa chini. Uko muzima? Mumeo iko muzima? Na ule mugongo uliokusumbua wakati wa matanga ya mujomba wako, umetulia ao ungali unatembea kama bata? Sisi huku tunamushukuru Mungu. Magoti yangu yamekataa kupanda kilima, yanakubali kushuka tu. Mupunga umetoka vizuri. Ndege wamekula fungu lao, nasi tumekula letu. Mwandiko huu utautambua. Tulia kwanza, nitafika hapo.

Magloire wa pikipiki alinifikishia maneno yako kutoka Kindu. Alisema umeagiza mutoto wako Laura apakizwe, aletwe kwako, aingizwe katika chumba cha maombi, afunge kula mpaka pepo wa huzuni amutoke. Nilimusikiliza mpaka mwisho, nikamupa maji ya kunywa, kisha nikamwambia arudi na kiti chake kitupu. Usikasirike. Unamujua mama yako, kinywa changu hakina mulango. Kusali tunasali hapa, Jumapili na katikati ya Jumapili. Lakini mutu mwenye mimba ya miezi minane, umunyime chakula, tena umutikise kwenye mashimo ya njia ile? Hata mbuzi hatumufanyii hivyo. Sikiliza basi yale macho yangu yameona, kisha uhukumu.

Nathanaël, mume wa Laura, alimuleta mwenyewe kutoka Kasongo, ili uzazi wa kwanza uwe kwa koko, bibi yake, kama desturi yetu. Alifika amekwisha. Hakula, hakuoga mpaka asukumwe, alilala uso kwenye ukuta. Nathanaël akimusogelea, anageuka. Safi, muke wa ndugu yako Théophile, akimuletea uji, anajifunika kichwa. Tukasema wote kwa kinywa kimoja: mimba imetukataa. Wewe unajua mambo hayo. Mimba ya huyuhuyo Laura ilimukataa marehemu baba yako, akawa anapitia nyuma ya nyumba, maskini, ili usione hata kofia yake.

Basi tukafanya heshima. Nathanaël akarudi Kasongo. Safi akawa anaweka sahani mulangoni na kuondoka polepole. Watoto tuliwafukuza wasicheze karibu, na mimi nikahamisha hata kuku. Tukamuacha peke yake katika giza la nyumba ile, huku tukijisifu kwamba tunajua kulea mimba.

Siku moja niliingia kuchukua lungo langu la kupepetea. Nilikuwa natoka haraka, nimeinamisha uso asinione, nikasikia ananiita. Sauti yake ilikuwa ya mutu aliye ndani ya shimo. Akasema, "Koko, mimba haiwakatai. Ni mimi ninajikataa mwenyewe."

Nilikaa chini palepale. Nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na sufuria kichwani, nikadhani hakuna kitu cha tumbo la mwanamuke nisichokijua. Kumbe kilikuwapo, na kilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Tulimupeleka kwa Zéphirin, muganga wa kituo cha afya. Alimuuliza mengi, kwa upole, bila kutazama saa. Akatuambia kwamba huu ni ugonjwa, unawashika wenye mimba wengi. Si pepo, si uvivu. Vidonge vyake hana pale, na mwenye mimba havinywi mpaka daktari amupime. Lakini iko mambo ambayo Laura angeweza kujifanyia: kutoka juani, kutembea, kula hata bila hamu, kufanya kazi pamoja na watu, kusema yaliyo moyoni kwa mutu asiyemuhukumu. Na kila juma arudi amuone. Wazo la kufa likija, asilale nalo, tumulete saa ileile.

Laura akachagua kinu. Unakumbuka tunavyotwanga mupunga wetu, wanawake watatu kwenye kinu kimoja: huyu akiinua, huyu anashusha, huyu anangoja zamu. Ukienda na mawazo yako mbali, michi inagongana na mikono inauma. Safi alishika wake, jirani yetu Marcelline wake, na muchi wa tatu, ule mwepesi, akaushika yeye. Zéphirin aliruhusu, mradi akichoka akae apepete.

Sidonie, nimeona wanaume wakivuka maji ya mafuriko na ng'ambo haionekani. Sijaona mutu akivuka kama mutoto wako anavyovuka kizingiti cha nyumba asubuhi. Anasimama mulangoni, mukono kwenye ukuta, machozi yanashuka, hakuna anayemusukuma. Kisha anatoka. Na kesho yake mulango ni uleule, na anatoka tena. Mimi humutazama nikiwa jikoni, ngozi inanisisimuka kama niko kanisani.

Marcelline, na ulimi wake ule, alimwambia siku moja kwamba watu wa Kasongo wanatwanga kana kwamba wanaubembeleza muchele ulale. Laura akacheka. Sote tukashituka kwa kicheko kile, michi ikagongana, kidole cha Safi kikavimba kama ndizi. Mpaka leo Safi anakionyesha kwa wageni kwa fahari. Nathanaël nimemuita arudi. Siku nyingine Laura anamupa mugongo, naye anakaa na mugongo huo. Haondoki.

Sasa lile ambalo hukuambiwa. Katika majuma ya kwanza, Laura aliamka mapema akaenda mutoni, na ndoo aliiacha nyumbani. Unanielewa. Alipofika ukingoni akasikia kinu chetu kutoka juu. Alisikia michi miwili, kisha kimya cha zamu yake, kisha michi miwili tena. Safi na Marcelline walikuwa wanamungoja bila kujua, nafasi yake hawakuijaza. Akageuka, akapanda kilima na mimba yake, akashika muchi. Asubuhi ileile akaniambia, na kabla jua halijawa kali tulikuwa kwa Zéphirin.

Nilipofika kwenye maneno hayo kalamu ilisimama. Maana anayeniandikia ni yeye, Laura, tangu salamu ya kwanza. Nilimwambia tunaweza kuyaruka. Akasema, "Hapana, Koko. Mama ajue." Na ameyaandika, neno kwa neno.

Hajapona, nisikudanganye. Iko siku nzuri, iko siku nzito. Tumbo sasa ni kubwa, anakaa chini na lungo, anapepeta, na sisi tunamusikia anahesabu zamu kwa mudomo.

Kwa hiyo usitume pikipiki imuchukue. Panda wewe, uje. Muchi wa tatu umeegemea ukuta, na Safi na Marcelline wanaiacha nafasi yako.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na mumeo umwambie nitamurudisha muke wake baada ya mutoto kupewa jina. Usisahau kuniletea chumvi.

Mimi mama yako, Régina. Kalamu siijui, hiki hapa chini ni kidole changu, na masizi ya jiko.