Firigisi Niliyopewa Mutuini

Kaka Mutua, u mzima huko Kitui? Hapa Mutuini nilikokuja kutembea, baridi imenivalisha sweta mbili.

Yule kijana wa Kakamega usiyetaka amwoe mjukuu wetu Mwende, eti zamani wasichana waliolewa karibu, jana alinipikia kuku kwa mikono yake, akaniwekea firigisi.

"Hiyo ni ya wanaume," nikamkemea.

"Shosho, mgeni ni wewe. Kula tu."

Nimefuga kuku tangu niolewe, na hiyo ndiyo firigisi yangu ya kwanza. Zamani unayoililia ilikuwa tamu kwako, maana wewe ndiye uliyekuwa ukila. Mbuzi wa mahari wakiletwa, uwapokee bila kununa.

Umeze dawa zako, ndugu yangu, na Mungu akuweke.

Dada yako,
Kalekye