Ngoma Iliponyamaza

Ayuma wangu,

Joto la Mombasa halijakumaliza? Huku Lurambi tuko salama. Mvua imekuja, na ile ingokho uliyoniachia imetotoa vifaranga.

Umeniuliza mimi nyanya yako, "Kukhu, hiki kidude nilichowekewa kifuani na daktari kikinishtua, nitakuwa nakufa?"

Sikiliza. Kwenye harusi ya dada yangu tulicheza isukuti. Mpigaji wa ngoma ndogo akanogewa, akaikimbiza ngoma yake peke yake. Miguu yetu ikagongana, bibi harusi nusura aanguke. Yule wa ngoma kubwa hakumgombeza. Alipiga pigo moja zito, kila kitu kikanyamaza. Nilidhani harusi imeharibika, kumbe anatutafutia pa kuanzia. Akaanza tena polepole, mabega yetu yakamfuata.

Si ndivyo daktari alivyokueleza? Moyo ukikimbia ovyo, kidude kinaupiga urudi kwenye mwendo wake. Kwa hiyo kikikushtua, keti, umpigie daktari simu kama alivyokuagiza, halafu unipigie mimi.

Yule wa ngoma kubwa ndiye babu yako. Nilimwona mara ya kwanza ngoma iliponyamaza.

Kukhu wako