Nilipolala Ndege Ikiruka

Jumatatu, 5 Machi 2001
Goma na kurudi, mara mbili. Kule mvua, hapa Kisangani jua la kuunguza. Nimefunga watu mikanda mmoja mmoja, maana wengi hawajui kuifunga na wanaojua hawataki. Mwanajeshi mmoja alitaka kukalia gunia la mchele mlangoni. Nilimwondoa. Alinitazama vibaya, lakini aliondoka.

Wananiita Mama Sheria. Waniite tu. Ndege inaporuka, hakuna mzigo unaozagaa sakafuni, hakuna aliyesimama, na hakuna mtu kwenye kitanda chetu cha mapumziko. Hata kapteni. Kitanda chenyewe ni ubao na godoro jembamba nyuma ya chumba cha marubani, pamoja na pazia. Tunapokezana ndege ikiwa juu, au chini wakati wa kupakia.

Simu ya ndani ilikufa zamani. Nikimaliza kukagua watu na mizigo, nagonga mlango wa marubani mara tatu, ndipo wanaondoka. Marubani wote wawili ni wageni kutoka mbali, wanaongea lugha yao. Mwaka mzima sasa, na hawajawahi kuniuliza nakaa wapi. Anayeongea nami ni mpanga mizigo peke yake, mzee Lofemba, ninayemwita tonton, yaani mjomba. Mlokele, mtu wa mtoni kama mimi.

Nakaa mtaa wa Mangobo. Nimefungua mlango, nimewasha taa, hakuna mtu. Nimepika pondu, majani ya muhogo, nyingi mno.

Jumanne, 6 Machi
Homa. Nimemeza kinini, masikio yanalia. Sikusema kazini. Ukiugua siku mbili, mwingine anakaa kwenye kiti chako. Tonton aliona, akanikatia nusu ya kwanga yake, ule mkate wa muhogo.

Ningekuwa kijijini Yanonge, mama angenilaza na kunifunika. Mto upo, pirogi zipo, mitumbwi ya kwetu, ila vizuizi vya wanajeshi ni vingi na kila kimoja kina mikono yake ya kudai pesa. Sijamwona tangu Noeli.

Jumatano, 7 Machi
Homa bado ipo. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi, uwanja wa Bangoka, walikuwa wanapakia mafuta ya mawese ya kwenda Goma. Nilimwambia tonton nalala kidogo, aniamshe kabla mlango haujafungwa. Nikavuta pazia. Kinini ilinizamisha kabisa.

Niliamka mwili ukiteleza kuelekea mkiani. Ndege ilikuwa inapanda. Nimelala, bila mkanda. Mimi! Kisha nikasikia mwanamke akipiga kelele.

Bidoni moja, dumu kubwa la mawese, halikufungwa. Liliteleza na kumvunja mguu mama Kavira, mfanyabiashara wa vitenge wa Goma, aliyekuja huku wiki moja tu kuuza. Hakuwa amesimama. Alikuwa kwenye kiti chake, mkanda tumboni. Mimi ndiye niliyeufungua, baada ya kapteni kugeuza ndege na kutua tena hapa.

Bidoni lile ningeliona. Huwa nayaona yote.

Wakati wanambeba mama wa watu, nilimuuliza tonton nani aligonga.

«Mimi. Ulikuwa nachoka sana, mutoto yangu. Nilikuhurumia. Nilisema basi alale kidogo, ntagonga mimi.»

Alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira hata meno yaliuma.

Alhamisi, 8 Machi
Patron, mwenye kampuni, ameniita ofisini. Wafanyabiashara wenzake mama Kavira, watu wa Kivu wanaotupa mizigo yote, wanataka karatasi yenye saini ya mhudumu. Yaani mimi. Wanataka kujua kosa ni la nani.

Patron alinisogezea kalamu. «Andika mama alifungua mukaba, akasimama. Bon, tunamaliza.»

Kosa likiwa la mama Kavira, kampuni haimrudishi. Abaki hapa na mguu wake. Kosa likiwa letu, kampuni itampeleka Goma kwa machela, na mimi, na yeyote mwingine aliyekosea, kazi kwisha. Alisema bila kupandisha sauti, akiangalia saa. Nina mpaka Jumamosi.

Nikaenda hospitali. Mama Kavira amelala karibu na dirisha, mguu ndani ya plasta. Hana ndugu Kisangani. Watoto wake wanne wamebaki Goma na jirani. Barabara imekufa, imebaki misitu na watu wenye bunduki. Kwake, kwenda nyumbani ni ndege hii yetu tu, hakuna nyingine itakayombeba.

Alinishika mkono. «Mi nilikuwa naikala tu, mukaba iko juu ya tumbo. Uliona, si ndiyo?»

Nilisema ndiyo. Sikumwambia nilikuwa nimelala. Nimejichukia njia nzima.

Ijumaa, 9 Machi
Tonton amekuja nyumbani na samaki wa kukaushwa. Hajawahi kuja. Alikaa kwenye kiti kile cha pili ambacho huwa naweka nguo juu yake. Nilipika, tukala. Ni mwaka sijala na mtu ndani ya nyumba hii.

Alipomaliza kunawa ndipo akasema. «Albertine, ukisema ulilala, batauliza nani aligonga. Niko na batoto sita.»

Basi. Hakunibembeleza, hakunitisha. Ingekuwa rahisi kama angenigombeza.

Nilikaribia kukubali. Nampenda mzee huyu. Alinifundisha kufunga nyavu za mizigo, alinitania siku ambazo hakuna mwingine aliyenitazama usoni. Na alichokosea ni kunionea huruma. Lakini kwa nini hakuniamsha? Kuniamsha tu, tonton. Na mimi kwa nini nilipanda kitandani na homa ile?

Ameondoka. Vyombo viwili mezani. Sijaviosha.

Jumamosi, 10 Machi
Nimeandika.

Karatasi ya kwanza niliandika kwamba nililala na sijui nani aligonga. Nikaisoma. Kapteni ameshasema alisikia mlango ukigongwa, na anayegonga siku zote ni mimi. Patron angeshika uongo huo mmoja na kuitupa karatasi nzima, na mama Kavira angebaki pale dirishani. Nikaichana.

Ya pili: Nilikuwa kwenye kitanda cha mapumziko ndege ikiruka. Lofemba aligonga badala yangu. Bidoni halikufungwa. Abiria alikuwa amekaa na mkanda umefungwa; niliufungua mimi tulipotua.

Nilikwenda kwanza kwa wafanyabiashara, nikawaachia nakala. Halafu kwa patron. Alisoma amesimama. Akanyoosha mkono, nikampa kitambulisho changu. Akatuma tonton aitwe.

Tonton aliingia, akaelewa kabla ya kuambiwa. Alivua glovu zake za kazi, akaziweka mezani moja juu ya nyingine, vizuri kabisa, akatoka. Alipita karibu nami. Ningeweza kumgusa.

Nilifanya haki. Nimeandika hivyo, nikafuta, nikaandika tena.

Jumanne, 13 Machi
Homa imekwisha. Sina pa kwenda asubuhi. Niliamka saa ileile, nikavaa sare, nikaivua.

Jumatano, 14 Machi
Mama Kavira amesafiri leo. Sikuruhusiwa kupita kizuizi cha uwanja, nimeambiwa na muuguzi aliyemsindikiza. Walimlaza kwa machela, wakamfunga mikanda mitatu, wakamkagua mara mbili. Alikuwa anacheka. Usiku wa leo atalala na watoto wake.

Niliuliza kama alisema lolote. Muuguzi akasema ndiyo, aliishukuru sana kampuni.

Nilicheka peke yangu barabarani. Watu wakanitazama. Nilipofika nyumbani nililia kilio cha kweli, hadi pua ikaziba.

Ijumaa, 16 Machi
Kimya. Nimefua pazia. Nimefua lisilohitaji kufuliwa.

Jumapili, 18 Machi
Misa ya kwanza. Nilichelewa, nikaketi mahali palipobaki. Benchi la familia ya Lofemba. Mke wake alisogeza watoto ili nipate nafasi, hakunitazama.

Padri alipotuambia tupeane amani, tonton aligeuka. Alimpa mkono mke wake, akawapa watoto, akampa mzee wa nyuma. Kisha mimi. Kiganja chake kina malengelenge mapya, yamepasuka. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameninong'oneza kwamba baba anasukuma mikokoteni sokoni.

Akasema amani, kwa sauti ileile aliyowaambia wengine wote. Nikajibu. Akageuka mbele, misa ikaendelea.