Kila Bukuru Ana Butoyi Wake

Jumatatu, 8 Machi 1999

Nimepangusa mlango wa kabati, nimechora majedwali mapya kwa chaki. Kompyuta ziko Bujumbura na barabara imefungwa tena, magari yanashambuliwa. Chuo kinasema mtihani wa hifadhidata uko palepale. Basi najisomea hapa Rumonge, kwa silabasi, kitabu cha somo cha fotokopi, kinachonuka mawese kama kila kitu cha nyumba hii.

Jioni Mama aliporudi kutoka kukamua mawese akapanga sahani mbili, yangu na ya Bukuru. Mapacha hupakuliwa pamoja, ndivyo alivyotulea. Kaka yangu hajaonekana tangu kijiji cha Kizuka kiliposhambuliwa, watu wakakimbilia ziwani. Nikarudisha sahani moja kabatini. Nimeichoka sahani ile.

Alhamisi, 11 Machi

Sura ya funguo. Kila mstari wa jedwali lazima uwe na kitu kinachoutambulisha, ambacho mstari mwingine hauna. Nikachora jedwali la majirani, jina likawa ufunguo. Mjinga mimi. Mtaa wetu peke yake una akina Bukuru watatu. Huku kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, kama mimi. Mzazi hachagui. Profesa alituonya, tukacheka. Nimefuta.

Mvua. Hakuna habari.

Jumamosi, 13 Machi

Saidi, jirani mwenye mtumbwi wa mota, amerudi kutoka Kigoma. Kambini kwa wakimbizi kuna kijana aliyemtuma salamu.

"Mama, Bukuru iko muzima. Amesema anatoka huku kwetu ku ziwa, na pacha yake anaitwa Butoyi."

Mama alikaa chini palepale, kwenye majivu. Majirani wakajaa uani, vigelegele. Nami nililia kwa furaha, mpaka nilipoingia ndani kunawa uso nikaona lile kabati. Kila Bukuru ana pacha anayeitwa Butoyi. Saidi hakuleta habari mbili, ameleta moja. Nikatoka nikamuuliza kama huyo Butoyi ni wa kike, kama mimi, au wa kiume. Hakuwa ameuliza.

Najichukia.

Jumapili, 14 Machi

Nimemwambia Mama. Heri ningenyamaza.

"Masomo imekuharibu roho," akasema. "Unataka mutoto wangu akufe?"

Anataka kuvuka na Saidi, na huko ziwani mitumbwi inapigwa risasi. Nimemsihi mpaka sauti ikakauka. Mwishowe tumekubaliana: Saidi aende peke yake, amtazame mguu. Tukiwa wadogo Bukuru alimwagikiwa mawese ya moto, ana kovu mguu wa kushoto, kutoka kidole gumba hadi kifundo. Jina watu wanagawana. Kovu lile ni lake. Kaka yangu sasa amekuwa mguu, na mimi ndiye niliyemfanya hivyo.

Jumatano, 17 Machi

Msafara wenye askari umeondoka kwenda Bujumbura. Nafasi ilikuwepo. Sikupanda. Mtihani ni Ijumaa, nami nimekaa nasubiri mguu.

Mama haniongeleshi. Anashona shati la bluu, la mikono mirefu, kwa sababu kambini kuna baridi.

Jumapili, 21 Machi

Saidi amefika. Hakuanza na salamu, na amahoro, nikajua.

Mguu hauna kovu. Kijana ni wa Kigwena, kijiji cha ufukoni kusini mwetu, amemtaja na mama yake. Butoyi wake ni wa kiume.

Nilidhani Mama ataanguka. Akauliza kama huyo mama wa Kigwena anajua. Saidi akasema bado. Mama akajifunga kitenge, akachukua lile shati, akaingia mtumbwini kwenda Kigwena bila kuniita. Nikamfuata.

Tulimkuta yule mama anachambua ngazi, matunda ya mchikichi. Mama ndiye aliyesema: "Bukuru wako iko muzima." Yule mama akamrukia shingoni, akalia, hakuuliza mguu wala nini. Butoyi wao, kijana mrefu, alikuwa amesimama mlangoni. Saidi aliponiita kwa jina langu, akaniangalia, kisha akainamisha macho. Alielewa. Nilimwonea wivu mbaya, wivu wa kutaka kumpiga. Hajanikosea lolote.

Shati Mama ameliacha kwao, Saidi atalipeleka Kigoma. Njiani kurudi Mama alishika mkono wangu. Nilikuwa sahihi, na sijawahi kuona usahihi usiofaa kitu kama huu.

Jumanne, 23 Machi

Mtihani umepita bila mimi. Mwaka umekwenda na maji.

Hata hivyo nimefungua silabasi, sijui kwa nini. Sura ya kuunganisha majedwali. Kuna muungano wa kawaida: asiyepata mwenzake upande wa pili, mstari wake unaondolewa. Kuna na mwingine: mstari wa kushoto unabaki hata kama kulia hakukupatikana kitu, na mahali pale panaachwa wazi. Haiandikwi sifuri. Haiandikwi kwamba hayupo. Nimeisoma mara mbili, nimefunga.

Mama amechelewa kwenye mawese. Nimepika ugali na ndagala wa ziwani. Sahani nimezipanga mimi leo.

Mbili.