Uzi wa Hirizi Mbele ya Msumeno

Kikwajuni,
Unguja.
3 Julai 1956

Mpendwa Dada Mwanapili,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na shemeji Hamad na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Wifi yako Wanu mimba yake imetimia miezi saba. Kutwa anakula ndimu kwa chumvi, na ukimwuliza anakwambia si yeye, ni mtoto.

Masika yamekwisha. Paa la chumba chetu tulilolitengeneza ulipokuja linavuja pale pale. Usicheke.

Sasa dada, nina jambo moja tu, na siku nne hizi nnalizunguka sijui pa kulianzia.

Ulipokuja Mfunguo Mosi, baada ya Idi, ulimkuta fundi mwenzangu Silima kafungwa vitambaa mkononi. Vidole viwili vilikwenda na msumeno wa umeme, kumi la mwisho la Ramadhani, mafundi tumefunga, macho mazito, na kila mtu anataka kitanda chake kabla ya Idi. Ulilia utadhani ni mimi. Kesho yake ukaleta hirizi, ukanifunga mwenyewe mkono wa kulia kwa uzi mweusi. Mbele ya mkwe wangu Mzee Usi, mwenye karakana, ukanitaka nikuapie kuwa sitaivua mpaka wewe uniambie. Nikasema naam. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipotutoka, ningesema nini?

Dada, maneno ya Mungu yaliyomo ndani sina shaka nayo hata chembe. Shaka yangu ni uzi. Uliziacha ncha mbili zinaning'inia, ukasema zisikatwe. Na msumeno ule ukizunguka hata meno yake huyaoni, wala haubagui uzi na nyama. Bati lililokuwa likiufunika Mzee Usi alilifungua zamani, ati linamziba mstari wa penseli. Liko ukutani, tunatundikia kofia. Mimi nikisukuma ubao kwa kijiti ili vidole vikae mbali, ananicheka: "Fundi gani wewe, unaogopa kazi yako?"

Nikauficha uzi ndani ya mkono wa shati, ukatoka. Nikauzungushia kitambaa, Mzee akakifungua mwenyewe. Hirizi haifunikwi, anasema.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nnapasua ubao wa mfenesi. Ubao ukaruka kidogo, nikainama kuuwahi, ncha ya uzi ikashikwa. Nilivutwa, dada. Nilivutwa mpaka nikausikia upepo wa yale meno kiganjani. Uzi ukakatika. Mkono umebaki mzima, ila ukucha mmoja umechubuka. Nikakaa chini kwenye unga wa mbao, nikalia mbele za watu bila haya.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Karakana nzima ikapiga takbiri. Mzee Usi akaiokota hirizi, akaibusu, akasema bila hii leo mkwe wangu angekuwa gutu. Jioni mama mkwe akapika wali wa nazi wa sadaka, mtaa mzima ukala. Kisha wakanifunga tena. Ule uzi wameuona dhaifu, sasa wametia kamba ya katani, mafundo matatu, ukiifungia ng'ombe hatoki. Hakuna anayetaka kusikia kuwa ule uzi uliniokoa kwa kukatika.

Nikimwambia Mzee, anasema nnakufuru. Nikimwambia Wanu, analia, na kwa hali yake naogopa kumliza. Silima ananielewa, lakini siku hizi kapewa kupiga msasa tu na hakuna anayemsikiliza. Kuondoka siwezi: karakana yake, nyumba yake, mke bintiye. Nami nikiivua kwa siri nimekuvunjia kiapo, na radhi yako sichezi nayo. Wallahi nimebanwa kila upande.

Aliyefunga ndiye afunguaye. Nakusihi, mwandikie Mzee Usi. Wewe anakuogopa tangu ulipomwambia mbele ya wageni kuwa chai yake haina tangawizi. Mwambie hirizi itundikwe mlangoni pa karakana itulinde sote, mkono wangu uachwe mtupu, na bati lirudi mahali pake. Kofia tutazitafutia msumari mwingine.

Nisalimie shemeji Hamad, na Bi Duni jirani yako, na Kurwa mwambie mjomba wake hajasahau kigari cha mbao alichomwahidi. Mungu akuweke, akuzidishie afya, na goti lako aliponye.

Nakuomba ukishaisoma usiiweke chini ya mto kama ilivyo desturi yako. Meli inaondoka Alkhamisi, na jibu lako hata ukilikimbiza halifiki kabla ya wiki ijayo. Mashine inawashwa kesho saa moja asubuhi.

Ni mimi nduguyo akupendaye, mwenye vidole kumi hadi leo jioni,

Masoud